Rambirambi za Mzee Mafuta

Mzee Mafuta alibakiwa na siku tano tu za kuwa fundi cherehani. Jumamosi, saa nne asubuhi, mnunuzi wa vifaa chakavu angefika na mkokoteni wake, abebe bisibisi, koleo, makopo ya skrubu, cherehani saba za vipuri na ile meza yenye tundu katikati, na habari ingeishia hapo. Walishakubaliana. Mzee alishatoa neno lake, na yeye hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Hata hiyo mara moja ilikuwa kazi.

Jina la Mafuta walimpa washonaji. Ukimpelekea mashine, aliizungusha gurudumu, akatega sikio, kisha akasema, "Tia mafuta kwanza." Imekwama, tia mafuta kwanza. Inalia, tia mafuta kwanza. Kuna mwaka mshonaji mmoja alimlalamikia kuhusu mume wake aliyekuwa hasemi naye, na Mzee, bila kuinua macho kwenye kazi, akamjibu vilevile. Maneno hayo yalizunguka wiki nzima, na kuanzia hapo jina lake la kuzaliwa halikupata tena nafasi.

Kwa miaka mingi alikuwa na duka chini, ukingoni mwa barabara, mlango mpana, mashine zimepangwa mpaka kibarazani. Kisha barabara ikapanuliwa na safu nzima ya maduka ikabomolewa. Akahamia mtaa wa tatu kutoka pale, chumba cha nyuma ghorofani, juu ya duka la rangi. Alibandika karatasi ukutani kuwaelekeza wateja. Wiki iliyofuata ukuta wenyewe ukaangushwa. Katika kuhangaika na mizigo, simu yake ikapotea na namba yake ikapotea nayo. Akanunua nyingine, akajisemea kwamba wanaomtaka watamtafuta.

Hawakumtafuta. Miezi tisa ilipita. Mwenye duka la rangi alimletea mashine ya mkewe, mpita njia mmoja akaleta mkasi wa kunoa, basi. Mzee alifagia, akapanga skrubu kwa ukubwa, akazipanga tena kwa umri.

Njaa haikuwa tatizo lake. Watoto walikuwa wakubwa, na mama watoto alikuwa na pensheni yake ya ualimu. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza. Miaka thelathini na nane amewainamia mashine zao, mgongo umechukua umbo la meza, na siku duka lilipoanguka hakuna aliyesema, "Jamani, yule mzee kaenda wapi?" Tuseme ukweli: alinuna. Mtu mzima wa miaka sitini na moja alinuna kama mtoto aliyerukwa zamu ya bembea, na alikuwa tayari kuuza vifaa vyake ili awakomoe watu ambao hata wasingejua kwamba wamekomolewa.

Jumatatu hiyo mchana, ngazi za chuma zikalia na shemeji yake akaingia na chakula. Alikuwa mdogo wa mkewe. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kwa binti yao aliyejifungua mji wa mbali, na huyu akaja kumtazamia nyumba, yaani kumtazamia shemeji asishinde na chai tu. Alikuwa mgawa barua mstaafu, mwanamke mwenye miguu ya chuma na mdomo usiolala. Wawili hao walikuwa wanataniana tangu harusini.

Aliweka chakula mezani, akashika kiuno.

"Shemeji, pole sana na msiba."

Mzee akainua macho. "Msiba wa nani?"

"Wako."

"Acha utani."

"Utani ningeutoa wapi na jua lote hili? Sikiliza. Sikutaka kukusumbua, nikafungua ile tovuti yako kwenye simu, nikafuata ramani. Ikanipeleka mpaka kwenye shimo. Shimo kabisa, lina tingatinga ndani. Nikamuuliza yule baba anayesimamisha magari kwa kibendera, fundi cherehani yuko wapi? Akavua kofia yake ngumu, akaiweka kifuani. 'Mama,' akaniambia, 'yule fundi alishatangulia mbele ya haki.'"

"Mimi?"

"Wewe. Anasema kila wiki wanafika watu na cherehani begani, anawapa habari, wanaondoka wanajifuta macho. Kanipa pole, kanipa na kiti. Na nilikaa, nilikuwa nimechoka."

"Sasa ulimwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Asubuhi tu umemaliza chai yangu yote. Nilimwambia marehemu anasubiri chakula."

Mzee hakucheka. Shemeji akatoa simu, akaifungua ile tovuti, akamnyooshea.

Mzee aliijua vizuri. Binti yake ndiye aliyeitengeneza miaka mitatu nyuma, alipotimiza miaka thelathini na mitano kazini, na yeye alikuwa akiionyesha kwa kila aliyekubali kutazama. Ilifunguka kwa picha yake amevaa koti jeusi, shingo imenyooka, uso umekaza kwa sababu mpiga picha alimwambia asitikisike. Binti aliigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe na kuizungushia kingo nyeusi, ipate heshima. Chini yake: 1987 – 2022. Chini zaidi, kwa maandishi ya kulala: Asante kwa yote, Baba.

"Isome kama vile humjui huyo mtu," shemeji alisema.

Mzee akasoma. Akasogeza simu mbali, akaileta karibu. Duka lilipokuwa limesimama, na mwenyewe yuko mlangoni na koleo mkononi, nani angefikiria jambo kama hilo? Lakini duka halipo. Namba ya simu iliyoandikwa pale haipatikani. Imebaki picha hii ya mtu aliyevaa suti, na miaka miwili yenye kistari katikati, ambayo mtu aliyeshtuka hakai kuihesabu, na mtoto anayeshukuru.

"Yesu na Maria," alisema, ambalo kwake lilikuwa neno refu.

"Basi tubadilishe."

"Haiguswi hiyo." Alimrudishia simu. "Mwanangu kaitengeneza kwa mikono yake. Alikesha nayo. Na kubadilisha ili iweje? Jumamosi vitu vinaondoka. Walishanitupa, shemeji. Miezi tisa!"

Shemeji akavuta kigoda, akaketi mbele yake, na utani wote ukamtoka usoni.

"Mimi nimegawa barua miaka thelathini na moja. Barua ikirudi posta, kitu cha kwanza mtu anachosema ni kwamba mwenyewe kahama, au hataki. Mara nyingi ni uongo. Mara nyingi barua ilifika mpaka mtaani, ikakosa mlango tu. Wateja wako hawakukutupa. Wamekuja. Wamebeba vyuma vizito begani mpaka kwenye lile shimo, wakaambiwa umekufa. Ulitaka wafanye nini, wachimbe?"

Mzee alikisogeza chakula pembeni. Kisha akasema, "Mpigie mtoto."

Binti alipokea kitoto kikiwa begani. Shemeji alipomweleza, alicheka mpaka kitoto kikaamka, na kilipoanza kulia naye akalia.

"Baba, nimekuua kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Sikufa," alisema Mzee. "Nipo."

Nyuma ya binti ikasikika sauti ya mama watoto akiuliza nani kafa, na baada ya kuelezwa, akasema Mzee aambiwe asithubutu kabla yeye hajarudi.

Binti akatafuta neno la siri, akamsomea mama yake mdogo herufi moja moja. Alisema hajaingia humo tangu abadilishe simu, na mimba nayo ilikuwa nzito. "Na mtazame sehemu ya maoni," aliongeza. "Niliweka kwamba mtu akiandika, maneno yake yasionekane mpaka tuyaruhusu. Sijui kama yupo aliyeandika."

Walikuwepo sitini na wanne.

Shemeji alisoma la kwanza kwa sauti, akafika katikati, akayapitia mengine kwa macho tu, kisha akampa Mzee simu asome mwenyewe. Mzee akavaa miwani ya kazi, ile ya kutazamia matundu ya sindano.

"Poleni familia," mmoja aliandika. "Nilikuwa na magauni tisa ya harusi na mashine imekwama. Alikaa nayo mpaka ikatembea. Hakunipa neno hata moja la kunifariji, aliniambia tia mafuta. Nitamkumbuka maisha."

"Mimi nilidhani ananichukia," aliandika mwingine, "kumbe ndivyo alivyokuwa. Mashine aliyonitengenezea ina miaka kumi na sita haijarudi kwa fundi. Pumzika, Mzee."

Mwingine alikuwa ameshangazwa na ile miaka: "Nimeona alizaliwa 1987. Sikujua alikuwa mdogo hivyo. Kumbe kazi ya cherehani inazeesha."

Mzee aliguna hapo, na shemeji akajua kwamba amefika kwenye hilo.

Halafu kulikuwa na la mama mmoja mshona sare za shule, ambaye Mzee alimkumbuka kwa mashine yake kabla ya kuikumbuka sura. "Mafundi wawili waliniambia mashine hii niitupe. Nikaipeleka kwake nikiwa nimekata tamaa. Aliigeuza chini juu, akaitazama, akasema, 'Bado.' Neno hilo moja tu. Kwa neno hilo nimesomesha watoto watatu. Sasa imekwama tena na sijampa mtu mwingine aishike. Iko kwenye kona, nimeifunika kitambaa. Asante sana, Mzee, popote ulipo."

Alikuwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya duka la rangi, na alikuwa analia. Tusimfiche. Miezi tisa alikaa humu akiwalaumu watu ambao walikuwa wakimwombea. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, na pamoja na ile haya kikamjaa kifuani kitu kingine, shukrani kubwa kuliko alivyojua pa kuiweka. Wangapi wanapata kusikia maneno haya? Watu husemewa wakiwa wamelala ndani ya sanduku. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, na chakula kinapoa.

Shemeji alitoka akasimama kwenye ngazi, akajifanya anahesabu makopo ya rangi yaliyorundikwa uani. Aliporudi, Mzee alikuwa ameshapangusa miwani.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza.

Walianzia miguuni. Jumanne nzima shemeji alitembea. Alishuka stendi kama mgeni, akauliza watu njia ya kufika kwenye duka la rangi, na hakuandika alichokiona yeye, aliandika walichomwambia. Alirudia kutoka sokoni, kutoka shule, kutoka zahanati. Jina la mtaa, alisema, linajulikana na watu wawili, aliyelitoa na mgawa barua. Jioni alikuwa na maelezo ya njia nne, na ya kwanza yalisomeka hivi: "Ukishuka stendi, liache soko mkono wa kulia. Nenda mpaka uone duka la rangi lenye mlango wa bluu. Usiingie dukani. Pita kichochoro cha pembeni, kuna ngazi za chuma. Panda ngazi kumi na tisa. Ukisikia cherehani, umefika. Usiposikia, yuko ndani anakula."

"Hilo la kula lifute," alisema Mzee.

Halikufutwa. Jumatano shemeji alimpa muuza mboga asome, akamwomba aongoze, naye akamfuata nyuma kimya. Mwanamke yule alisimama mlangoni kwa Mzee bila kuuliza mtu yeyote, akasema kumbe kuna fundi huku, mbona hatuambiwi.

Kwenye habari za kazi ndipo walipogombana. Tovuti ya zamani ilisema "huduma bora za kiufundi katika nyanja ya ushonaji".

"Nani anaongea hivi?" shemeji aliuliza. "Mteja akifika hapo mlangoni anasemaje?"

"Anasema mashine inaruka."

"Basi andika inaruka."

Wakaandika: Inaruka mishono. Inakata uzi. Imekaza. Inapiga kelele. Chini ya kila moja Mzee alitaka mtu aambiwe kitu cha kujaribu nyumbani kabla hajafunga safari: badilisha sindano, toa vumbi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, na, bila shaka, tia mafuta.

"Ukiwafundisha kujitengenezea, watakujia kufanya nini?"

"Watakaoshindwa watakuja," alisema Mzee. "Watakaoweza watanikumbuka."

Shemeji akamtazama, akaandika bila kubisha.

Picha ilipigwa dirishani, ya rangi, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Ili acheke, shemeji alisimulia tena habari za yule baba wa kibendera, safari hii akiigiza kofia kifuani, na akabonyeza wakati huohuo. Binti aliipokea kule aliko, akanyonyesha, akaiweka mahali pake. Akakihamisha kile kitone chekundu cha ramani kutoka shimoni mpaka juu ya duka la rangi, akaweka namba mpya na saa za kazi. Miaka aliibadilisha ikawa "1987 mpaka leo". Alipofika kwenye yale maneno yake ya kulala aliuliza kama ayafute.

"Yaache," baba yake alisema. "Hayo ni yangu."

Ilibaki sentensi ya juu kabisa. Mzee aliona ni aibu mtu mzima kutangaza kwamba anapumua. Shemeji akasema aliyetangazwa kufa lazima atangazwe kuwa hai, au Mzee anataka wamletee mashine makaburini? Walibishana mpaka chai ikaisha, wakakubaliana: "Mzee Mafuta yupo. Amehamia."

Alhamisi na Ijumaa Mzee aliwajibu wote sitini na wanne, kwa namba za simu walizoacha kwenye maoni, kwa kidole kimoja. "Nipo. Asante sana. Nimehamia." Shemeji alimwambia angeweza kuandika mara moja na kuwatumia wote, akakataa, kwa sababu wao waliandika mmoja mmoja. Bwana mmoja alijibu papo hapo kwa ukali: "Nani anachezea jina la marehemu?" Ikabidi wampigie, na Mzee aliposema "Tia mafuta kwanza," yule bwana akapiga ukelele uliosikika mpaka duka la rangi.

Jumamosi saa nne, mnunuzi wa vifaa chakavu alifika na mkokoteni, akakuta ngazi zina watu. Wawili walikuwa na mashine, mmoja hakuwa na kitu, amekuja tu kuhakikisha kwa macho yake. Mnunuzi akajipenyeza mpaka mlangoni. Mzee alikuwa amelaza cherehani ubavu, skrubu mbili mdomoni. Akazitoa.

"Samahani, ndugu yangu. Nimekupotezea safari. Siuzi tena."

"Si ungenipigia simu basi!"

"Nilikuwa najibu rambirambi," alisema Mzee, na ilikuwa kweli.

Mnunuzi alishuka ananung'unika. Chini ya ngazi alimpisha mwanamke mnene kiasi, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha maua. Mwanamke yule alipanda ngazi moja baada ya nyingine, anapumzika, anapanda. Waliokuwa kwenye foleni walipomwona usoni walimwachia njia.

Aliutua mzigo mezani. Hakuufungua. Alisimama akamtazama Mzee Mafuta kuanzia nywele mpaka viatu, kisha akanyoosha kidole akamdonoa mkono, taratibu, juu kidogo ya kiwiko.

"Nililia siku mbili, Mzee," alisema. "Siku mbili! Majirani walikuja kuniuliza kama nimefiwa na baba. Na wewe uko hapa, unakula kwa raha zako, tena umeandika."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Tangu Jumatatu alikuwa akijiuliza huyu mama akija atamwambia nini, na alikuwa ametengeneza maneno mengi, mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mwezi. Yote yalimpotea. Akapangusa mikono kwenye aproni, upande huu na upande ule, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili.

"Nami nilikuwa nimewanunia," alisema. "Nilidhani hamkuniuliza. Asante kwa kunililia, mama."

Mama mshona sare akavuta kigoda akaketi. Mzee akafungua kitambaa, akaigeuza mashine chini juu.